Neno la Tatu

Benchi la kijiwe kile lina nafasi nne na halijawahi kukosa ubishi. Kuanzia ukutani anakaa Waziri, kinyozi. Kisha Injinia, fundi baiskeli. Kisha Soli, fundi viatu. Na mwishoni, karibu na jiko, Mama Birika na kahawa yake. Flashi, mpiga picha, alikuwa akisimama mbele yao, maana alisema watu waliokaa hawasikilizi. Wamemzika Jumanne. Kabla madaktari hawajampasua koo, alimrekodia binti yake sauti yake, saa nzima, akaifungia ndani ya ile programu ya kutunza paswedi aliyokuwa akiihubiri kila asubuhi. Ufunguo wake ni maneno manne. Kila mtu wa benchi alinong'onezwa neno moja, akaapishwa asimwambie mwenzake mpaka binti atakapokuja. Binti anakuja leo, saa nne asubuhi, na Soli amelisahau lake.

— Mimi nahisi ni majina ya watu wa kwao, Soli akatega. — Au siyo?

— Kwani ulikuwa wapi wewe? Waziri akamcheka. — Si jina la bintiye ndilo lililomponza, akaunti ikaibwa mchana kweupe? Haya kayatoa kwenye kamusi. Anafumba macho, anafungua ukurasa, anadondosha kidole. Mara nne.

— Halafu anayatungia kichekesho ili yasimtoke, akasema Mama Birika. — Mimi langu nikilikumbuka nacheka peke yangu.

— Kichekesho gani? Soli akadakia. — Dokeza basi.

— Nimeapa, bwana we!

Injinia akapuliza kahawa yake.

— Flashi mjanja. Kila mtu kampa neno la kazi yake.

— Langu halina wembe wala kioo.

— Basi wote tuna neno lilelile! Injinia akageuza. — Alikuwa anatupima tu.

— Endelea, Injinia, Soli akamchochea. Kila upuuzi ulimwongezea dakika moja.

— Mimi nawaambia, Waziri akashusha sauti. — Flashi hajafa. Kajificha. Hayo maneno ndiyo anuani yake.

— Waziri, akasema Injinia taratibu. — Jeneza nililibeba mimi, bega hili hapa.

Soli alijisikia vibaya mno. Siku ile alikuwa na misumari mdomoni na kiatu cha mteja mkali mapajani. Flashi aliinama sikioni, akanong'ona, akauliza, "Umelishika?" Soli akaitikia kwa kichwa tu, ili amwondokee. Wiki iliyofuata Flashi alipasuliwa, na sauti haikurudi tena.

Binti akafika, simu ya marehemu mkononi.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanetu. Pole sana.

— Nimeshakosea mara tisa, nilikuwa najaribu jina langu na mwaka wangu. Nikikosea ya kumi, programu inajifuta yote. Jana ndiyo nimeona karatasi ndani ya kamusi yake: "Waulize wa benchi, kuanzia ukutani."

— Jongoo, akasema Waziri, akasimama kabisa kama anayeapa.

— Bawaba, akasema Injinia.

Soli akainama kutafuta sindano ambayo haikupotea. Mama Birika alishindwa kungoja.

— La mwisho ni kikohozi! Jongoo anakohoa, unamuona?

Binti akacheka, machozi yakamtoka hapohapo. Akaandika matatu, akaacha nafasi ya neno la tatu.

— Na lako, baba?

Wote wakamgeukia Soli, naye akakiri kuwa limemtoka. Injinia akaanza kusema labda ni mdudu mwingine, kisha akakumbuka kidole na kamusi, akarudia kahawa yake. Mama Birika akainamisha birika juu ya kikombe cha Soli; lilitoka tone moja na mashapo ya kahawa.

— Lakini alikuambia? binti akauliza.

— Aliniambia, mwanangu.

— Akakuuliza kama umelishika?

Soli akaitikia kwa kichwa, vilevile kama alivyomwitikia Flashi siku ile.