Tulichokiona Nyuma ya Uzio wa Kambi

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya. Kanali wetu unayestaafu leo. Maafisa na askari. Ndugu wageni waalikwa. Na nyinyi majirani mnaosikilizia madirishani kwa kuwa ukumbi umejaa: salamu zangu ziwafikie wote.

Mimi ni mkunga. Nimezoea kupokea wanaokuja. Kuaga wanaoondoka sijazoea. Mtanivumilia.

Ndugu zangu, mnakikumbuka kile kiangazi mto wetu ulipokatika? Mama mjamzito alifika zahanati na mtoto tumboni na ndoo kichwani, maana bila ndoo yake hapakuwa na maji ya kumwogeshea mtoto. Tukatafuta mchawi, na upesi tukampata: kambi. Nani mwingine, kama si hawa wanaotikisa mabati yetu kwa mizinga? Tukaenda getini umati mzima, mama mkwe wangu mbele, na ulimi wake mnaujua.

Tulitarajia kufukuzwa. Kanali akatoka mwenyewe, akatusikiliza mpaka tukaishiwa maneno, kisha akaamuru geti lifunguliwe.

Mheshimiwa, nimeona mengi katika kazi yangu, lakini siku ile nilipigwa na bumbuwazi. Nyuma ya uwanja wa shabaha palikuwa na msitu. Miti mirefu, kivuli kizito, nyani wakitukodolea macho kana kwamba sisi ndio vioja. Chini yake chemchemi ilitoka nyembamba kama uzi, ikavuka uzio kuja kwetu, na mara tu ilipofika upande wetu ikafia vumbini. Tukageuka kutazama tulikotoka. Visiki. Visiki na matanuri ya mkaa mpaka macho yanapokoma.

Kanali hakutucheka. Alisema kwa sauti ya chini, "Sisi huku tunapiga mizinga. Nyinyi kule mlipiga nini?"



Jirani yetu mfugaji, tunayemwita Mbishi, akauliza kama basi jeshi linataka mashamba yetu. Hapo ndipo tuliposhangaa zaidi. Kanali alisema hataki hata shubiri moja. Anataka tubaki nayo, tusiwape wajenzi waliokwisha kuanza kupimapima, kwani nyumba zikigusa uzio askari watakosa pa kufanyia mazoezi, na msitu nao utakwenda. Tukapatana: ukanda wa kando ya uzio usijengwe wala usikatwe, askari wapande miti pamoja nasi na wazime moto ukizuka, sisi tulinde. Mbishi alibisha msimu mzima, kisha akawa wa kwanza kuondoa ng'ombe wake kwenye ukanda huo wasile miche.

Mama mkwe ndiye ambaye hakuamini. Alisema askari hachimbi shimo la mche, huchimba la kujifichia. Miaka ikapita, miche ikawa miti, na siku maji yaliporudi tulikimbilia mtoni sote, na Kanali akaja akasimama ukingoni. Mama mkwe akavua kandambili, akaingia mpaka magotini. Kisha akasema, "Mwanangu, vua hayo mabuti uingie."

Kanali akawatazama askari wake, akayatazama maji, akainama akafungua kamba. Alipoingia, mama mkwe akamshika mkono asiteleze. 

Kanali, nenda salama. Nanyi nyote, nawashukuru kwa kunitegea sikio.