Kanda Namba Mia na Tisa

Sogeeni, Gurunath, nawe Nagaveni, zimeni hiyo feni nisishindane nayo, kwa maana pumzi niliyobakiwa nayo ni ya neno moja. Nyumba hii ya Dharwad ni yenu nusu kwa nusu, msinyang'anyane. Kanda zangu wapeni chuo kikuu. Miaka thelathini nilizunguka na kinasa sauti, toka Bidar kaskazini hadi Chamarajanagar kusini, nikiwarekodi vikongwe ili ijulikane kila wilaya inaisemaje lugha yetu, Kikannada, na sharti langu lilikuwa moja: asirekodiwe aliyehama alikozaliwa.

Mama yenu alihama. Alitoka Kundapura, pwani, akaolewa huku kwetu kwenye mikate ya mtama. Siku moja, akiosha vyombo, aliuliza, "Baba Guru, wazee wa watu umewamaliza, zamu yangu lini?"

Nikamjibu, "Wewe umeshachanganyika, Jalaja. Hufai."

"Haya, bwana mwalimu. Na mchuzi wangu uliochanganyika, mbona unaukomba?"

Alicheka, lakini hakuuliza tena. Nanyi mlipoiga usemi wake niliwasahihisha mbele yake, hadi akawa anawanong'oneza jikoni. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Nilikuwa nimesoma mno, sikusikia.

Tangu tutie majivu yake mtoni nimezisikiliza kanda zote. Yumo katika moja tu. Nilikuwa barazani nikimrekodi bibi muuza vitunguu wa Gadag, naye akatokea mlangoni: "Wewe, acha kumkamua bibi wa watu! Mama, njoo ule, huyu atakuhoji mpaka meno yadondoke!" Bibi anasema meno hana. "Basi uji utakufaa." Wanacheka wote wawili. Kisha mimi nazima mashine, na juu ya kasha naandika kwa mkono huu: Imeharibika.

Namba mia na tisa. Hiyo msiitoe, wataisafisha, wamwondoe yeye, wambakize bibi. Siku ya kumi na tatu ya matanga yangu, wageni wakishakula, iwasheni, wajukuu wamsikie.

Maji, Guru... basi, yatosha.

Naga, usemi wa mama yako unao bado. Nimekusikia ukimbembeleza mwanao. Mbarikiwe, wanangu, na vinywa vyenu vibarikiwe, vyovyote visemavyo. Sasa niambie nilale, kwa usemi wake, kama ambavyo angeniambia yeye. Sitasahihisha.

Sema, mama... nasikia.