Mokaya Anaandika Mchana

Ah, siku zile! Siku hizi mkikaa pamoja mnanung'unika tu. Sisi tulibishana mpaka chai inapoa. Nasema miaka ya thelathini na kitu, upande wa Kericho, nyuma ya kambi ya wafanyakazi. Benchi letu lilikuwa mbao za sanduku la chai zilizopigiliwa juu ya magogo mawili. Majani mazuri yalikwenda Ulaya, sisi tukachemsha vumbi lililofagiwa kiwandani, na haki ya Mungu sijanywa chai tamu kama ile tena. Kila Jumapili alasiri alikuwepo Obonyo, tuliyemwita Wakili kwa sababu angeweza kuitetea hata mvua. Alikuwepo Gichana, yaani Mizani, mpimaji wa majani yaliyochumwa. Na Mokaya karani, aliyekuwa anatunga hadithi ya fisi aliyeajiriwa ukarani, akitaka gazeti la misheni liichapishe. Aliandikia pale benchini kwa sababu nyumbani watoto walimpanda mgongoni. Jumapili hiyo penseli yake haikusogea.

— Karani, leo fisi amegoma? Wakili akamchokoza.

— Aliyegoma ni mke wangu, mama Kebaso. Alichora alama mlangoni, urefu wa mtoto. Leo amempima tena. Hajaongezeka hata kidogo. Anasema ni mimi, naandika hadithi mchana.

Bibi zetu, wa Kisii na wa Ujaluo, wote walitukataza utotoni hadithi za mchana. Ukiambiwa hadithi jua likiwaka, hukui.

— Amesema nichague, Mokaya akaendelea. Penseli au Kebaso.

— Wacha wewe! Wakili akaruka. Bibi alikataza kusema. Penseli ina mdomo?

— Na mtu wa Nairobi akiisoma saa sita mchana? Mizani akauliza. Hapo atakayedumaa ni mtoto wa nani? Wa msomaji ama wa mwandishi?

— Wazungu husoma mchana kutwa, nikasema mimi, na tazama walivyo warefu!

— Kwani watoto wao wako hapa? Mizani akanirudi. Wamepelekwa shule ng'ambo, mbali na vitabu vya baba zao. Wale wanajua siri, bwana!

Wakili akacheka mpaka chai ikamwagika, halafu akaona anashindwa, akatafuta kubwa zaidi.

— Basi niambieni. Chai ni mti, sivyo? Ukiachwa unapita nyumba. Kwa nini huku kwetu unaishia kiunoni?

— Tunaukata, Wakili! tukamjibu.

— Mnaukata, mnaukata! Nani anapiga hadithi humo toka asubuhi? Wachumaji! Mti unasikia, unadumaa!

Mizani, mtu mzima, mwenye akili zake, akageuka kulitazama shamba lote lile la kijani, akatikisa kichwa. Nadhani aliamini.

Mokaya hakucheka.

— Nyinyi mnafanya mzaha. Mnakumbuka moto wa bibi? Mimi wangu alikuwa Bochaberi. Alikuwa anageuza mahindi kwenye makaa huku fisi anaongea kupitia puani mwake, sisi tumebanana kwenye ngozi, mmoja akiogopa anamshika mwenzake. Ile sauti imeanza kunipotea. Ndiyo maana naandika. Kebaso akijua kusoma, ataikuta.

Wakili akashusha kikombe. Akasema bibi yake alikuwa akilala katikati ya hadithi, nao wajukuu wanamfinya ili aendelee. Mizani akasema wa kwao aliimba. Tulimkumbuka kila mtu siku ile.

Mwishoni mwa benchi alikaa mgeni, Ratemo, mtu wa mvi, aliyefika jana yake kutoka Kisii kutafuta kazi kiwandani. Vumbi la njia lilikuwa bado miguuni. Akakohoa kidogo.

— Ndugu zangu, mnisamehe. Hawa watoto wenu hapa kambini, jioni nani anawaambia hadithi?

— Bibi yao, Wakili akajibu haraka.

— Yuko nyumba gani nimsalimie?

Wakili akageuka kuzitazama nyumba za kambi. Bibi wa watoto wake alikuwa Ujaluo. Wa kwangu, Kisii. Jioni sisi tulikula, tukalala, miguu inauma. Tukamtazama Mokaya. Mokaya alitazama karatasi yake.

— Mokaya, nikamwuliza polepole, Kebaso anamjua huyu fisi?

Alikunja karatasi, akaiweka mfukoni, akasimama. Penseli aliiacha benchini.

— Jua limezama?

— Bado, Mizani akasema. Liko juu ya miti.

— Basi nitalingojea nyumbani, na Kebaso. Mwisho wa fisi bado siujui. Labda yeye ataujua.

Akaenda. Chai ilibaki kwenye sufuria, na hakuna aliyeiomba. Wakili ndiye aliyeinuka wa pili.