Farasi wa Mwisho wa Baba Watoto

Wapendwa, Mungu aliyetutoa milimani akatufikisha hapa Buffalo apewe sifa. Nimeomba nisimame leo. Sauti ikinikatika, mnivumilie.

Mnajua sisi ni watu wa ng'ombe. Vita vilipotumalizia ng'ombe wetu, mume wangu alibaki kama mtu aliyekatwa mkono. Tulipofika nchi hii, mji wa Louisville, tukapewa kazi ya ghala, kupanga maboksi. Alifanya, lakini hakucheka. Bon, siku moja mfanyakazi mwenzake akampeleka mashambani, nje kabisa ya mji, akamwonyesha farasi wa kule. Hawa hawamrushi mtu. Miguu inapokezana taratibu, mgongo unatulia, hata ukishika kikombe cha chai hakimwagiki. Baba watoto alirudi nyumbani akicheka.

Tukakodi kiwanja, tukaanza kununua farasi wachanga. Yeye anawafundisha mwendo, mimi nawalisha nikitoka kazini, kisha tunawapeleka mnadani. Wazungu walishangaa: anawasemesha kwa lugha yetu, nao wanamsikia!

Asubuhi moja huko mnadani alikuwa akimtembeza farasi jike mbele ya wanunuzi. Akashika kifua. Akaketi chini, polepole, akaninyooshea kamba.

"Mama watoto, mshike huyu. Asije akamkanyaga mtu."

Hakusema tena.

Kwenye mazishi kila aliyenishika mkono aliniambia, "Jikaze, mama." Ndugu zangu, nawaambia, nilijikaza. Sikutoa chozi. Niliuza farasi mmoja mmoja, maana peke yangu nisingeweza. Akabaki yule jike. Wakaja mume na mke kutoka mashamba ya karibu na Columbus, wakampenda. Lakini akakataa kupanda trela. Walimvuta, walimsukuma, akagoma. Basi nikaingia mimi ndani, nikamwita vile baba watoto alivyokuwa akimwita, kama tunavyoita ng'ombe kwetu. Akapanda mara moja. Nafikiri alidhani atamkuta humo.

Ndipo nikahamia huku, kwa mdogo wangu, mtaa wa Black Rock. Mliniona. Natoka kiwandani Tonawanda, naja kanisani, nakaa nyuma. Mkiimba, nilikuwa nafungua mdomo tu. Kusali nilishindwa.

Halafu tukaenda Columbus kwenye harusi, tukalala kwa wapendwa huko Clintonville. Mama mmoja wa hapa kanisani, aliyetuendeshea gari, aliona sahani yangu haijaguswa.

"Mama, unaumwa?"

"Hapana. Farasi wetu yuko karibu na hapa."

"Basi twende."

"Tukafanye nini?"

"Tumuone tu."

Tukapiga simu, wenyewe wakatukaribisha. Tukasimama kwenye uzio. Yule farasi akaja, amenenepa, anang'aa. Akanusa mkono wangu. Kisha akainua kichwa, masikio yamesimama, akatazama nyuma yangu. Akatazama muda mrefu.

Nikamwambia, "Hayupo. Amekufa."

Wapendwa, sikuwa nimewahi kulitamka neno hilo. Nilianguka kwenye majani nikalia kama siku ya msiba. Yule mama hakuniambia nyamaza. Alikaa chini na nguo yake ya kuendea harusini, akalia pamoja nami. Mke wa mwenye shamba akaleta maji, naye machozi yanamtoka, wala hakujua lugha yetu hata kidogo.

Sijapona kabisa, nisiwadanganye. Bado kuna asubuhi naweka vikombe viwili. Lakini siku hizi nasali, na watoto wangu nawasimulia habari za baba yao.

Nawashukuru nyote mliokuwa mnanisalimia hata nilipokuwa siitikii. Mdogo wangu, asante kwa kitanda chako. Na wewe mama, sikutaji, unajijua: njia nzima ya kurudi hukunihubiria, kila tuliposimama kutia mafuta uliniletea chai.

Ndugu zangu, mkimwona mfiwa, msimwambie ajikaze. Muulizeni marehemu wake alikuwa mtu wa namna gani. Kisha mkae, msikilize.