Shujaa Aliyetumbukia Kisimani

Mwanamke aliyeketi mbele yangu kwenye treni alipakata kitabu kinene kama tofali. Mimi niendaye masomo ya jioni humshukuru Mungu kwa kila kitabu, basi nikatega sikio.

"Ni kanuni za ule mchezo wa kuigiza mashujaa na kurusha dadu," alimwambia mzee fundi saa aliyeketi kando yake. "Zamani zilitapakaa kwenye vijitabu saba. Tukizitafuta, mama mkwe anasinzia. Sasa zote zimo humu, na mama anaua majoka mpaka tunayaonea huruma!"

Fundi akacheka. "Mimi na mke wangu bado tuna vijitabu. Tangu uchumba tunabishana: shujaa akitumbukia kisimani na ngao yake, anazama au anaelea?"

"Ngoja, mzee wangu, jibu limo humu."

Fundi akaweka kiganja juu ya jalada. "Usifungue, mwanangu. Watoto wameshahama. Nikirudi na jibu, tutaongea nini?"

"Na kama mshindi ni wewe?"

Nikamwombea fundi kimoyomoyo apate nguvu ya kukataa, ingawa nami nilikuwa nimeshainama nisome. Treni ikasimama kwenye kituo cha fundi, milango ikafunguka, na kiganja chake kilikuwa bado juu ya kitabu.