Mwalimu Florent Kamate, Aliyesoma Asilimia Jinsi Zilivyokuwa

Baba padri, wazazi, walimu, wakristu wa shirika letu, na ninyi wote muliofika hata kama njia si nzuri siku hizi, familia inawaomba dakika chache, tutasoma haraka, kwa sababu makaburi ni mbali na saa ya kurudi nyumbani kila mutu anaijua.

Mwalimu Florent Kamate alizaliwa Butembo tarehe 9 Machi 1959, katika familia ya wakulima, akabatizwa mwaka ule ule, akasoma shule ya msingi kwa mission, kisha humanités pédagogiques, yaani sekondari ya walimu, akapata diplome d'État mwaka 1979, na muzee wake, aliyetaka awe muchuuzi wa safari ndefu kama wajomba zake, akamwambia, "Chaki haijazi sahani," naye akamujibu, "Papa, hata katekisimu haijazi, na wewe unaisoma kila siku."

Alifika Goma Septemba 1981, akapewa mwaka wa sita katika shule moja karibu na kambi ya Katindo, ambako mutoto wa raia na mutoto wa askari waliketi benchi moja, na tarehe 16 Agosti 1986 akafunga ndoa takatifu na Mama Masika Généreuse, yule pale kwenye mukeka, Mungu akawapa watoto sita.

Julai 1994 wakimbizi walipojaza muji, kolera ilimubeba mutoto wao Rémy, miaka mitatu, tarehe 27, akazikwa bila watu kwa sababu kila nyumba ilikuwa na maiti yake, na mwezi haukuisha marehemu akawa kambini Munigi, chini ya hema ya plastiki, anafundisha watoto wa wakimbizi kuandika na makaa juu ya mbao za sanduku, mpaka jirani mumoja akamupigia kelele barabarani, "Mwalimu, wamekuletea kolera, na wewe unawapelekea alfabeti!" naye akasema, "Ndiyo, na kesho nitawapelekea hesabu."

Sasa tunafika pahali ambapo papa mudogo Luc, ndugu ya marehemu, alituomba tupite mbio.

Mwaka 2000, muji ukiwa mikononi mwa wenye bunduki, commander mumoja, ambaye jina lake halitasomwa hapa, marehemu mwenyewe alilikatalia, alikuwa na mutoto katika mwaka wa sita, na mutoto yule alikuwa amepata trente-huit pourcent, thelathini na nane kwa mia. Siku chache mbele ya proclamation, ile siku ya mwisho wa mwaka ambapo alama za kila mutoto zinasomwa kwa sauti mbele ya wazazi, commander akamwita mwalimu kwake, akamupa Fanta ya baridi, akamwambia polepole, "Mutoto wangu ndiye atakuwa wa kwanza, si ndiyo, Mwalimu?" Mama Masika anasema alirudi nyumbani, akaketi na viatu vyake, akamuuliza, "Wakinibeba, utafanya nini?" mama akajibu, "Nitauza maharagi. Lakini Florent, si uandike tu cinquante, nusu, mutoto apite, nani atakufa?" naye akasema, "Anataka awe wa kwanza. Na Nishimwe?" Nishimwe alikuwa binti wa mujane, waliokimbia vita ya Masisi, wenzake walimufukuza kila recreation, "Rudi kwenu!", na ndiye aliyekuwa wa kwanza, kweli kabisa.

Tarehe 2 Julai, directeur wa shule, Cirimwami, alimuachia karatasi kama mutu anayeachia kaa la moto, marehemu akasoma, wa kwanza Nishimwe, quatre-vingt-un, themanini na moja, makofi yakapigwa kidogo, yakakatika, akaendelea, akafika kwa mutoto wa commander, akasoma trente-huit, anarudia mwaka, kwa sauti ile ile, bila kumuchekelea mutoto.

Askari wa commander walimubeba hata hajashuka ngazi, wakamufungia ndani ya kontena, wakamupiga mugongoni na vitako vya bunduki, mpaka wamama wa shirika walipokwenda kuketi mbele ya lango lao na kuimba, wakiimba hata walipomwagiwa maji, ndipo akatolewa, akikojoa damu. Septemba mutoto yule akarudi kurudia darasa, hakuna mwalimu aliyemutaka, marehemu akamuketisha mbele, mangaribi akamufundisha nyumbani, mutoto akila maharagi ya Mama Masika, na mwaka uliofuata akapata soixante-deux, sitini na mbili, zake mwenyewe. Jina la commander yule, marehemu alilitaja katika rozari kila Ijumaa, sisi watoto tulidhani ni ndugu wa mbali.

Charline, mutoto wa mwisho, huyu anayewasomea, alizaliwa 2001, na nyumbani tulifundishwa kujibu kwamba papa alianguka na pikipiki.

Figo zilianza kushindwa mwaka 2023, vita ikaingia muji tena Januari 2025, uwanja wa ndege ukafungwa, Kinshasa haikuwezekana, tukamupandisha boti kwenda Bukavu, tukamurudisha, na tarehe 11 Oktoba 2025, asubuhi, Bwana akamwita.

Jana papa mudogo Luc alisema, "Charline, andika ajali ya pikipiki, watu wale wangali wako, na wewe una mutoto wa kunyonya." Ni kweli, ni huyu Benny mugongoni, na mutavumilia sauti kama inakatika. Charline akaandika ajali, akamusomea Mama Masika, mama akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Umesoma vizuri. Ni historia ya nani?"

Basi marehemu hakuanguka na pikipiki. Alipigwa, kwa sababu alikuwa mukristu na hakusema uongo juu ya watoto wawili, na figo zake hazikupona. Marehemu alimusamehe aliyemupiga, na sisi tunajaribu.

Familia inashukuru madaktari na wauguzi wa hapa na wa Bukavu, majirani walioleta maji na kuni, walimu wenzake, wamama wa shirika, na papa mudogo Luc, anayeogopa kwa sababu anatupenda, na bado ameketi hapa mbele.

Papa, Mwalimu, pumuzika sasa kwa amani ya Bwana wako. Wenye kubeba wabebe, twende.