Samaki Waliolala Chali

Nawasalimu nyote katika Jumapili hii ya mwisho ya mwaka. Mniwie radhi, nitasoma. Nikisimama mbele ya watu ulimi wangu hukauka, kwa hivyo nimeandika wiki nzima, polepole, nyuma ya kalenda ya mwaka huu unaokwisha. Ilibaki tu nyuma, mbele sitaki kuitazama tena. Masomo yangu yaliishia darasa la nane. Mkiona nimekwama, ni mwandiko wangu, si Shetani.

Simtaji mtu. Nimemwahidi mchungaji kwamba sitamtaja mtu, na sitamtaja.

Mwaka ulipoanza nilikuwa nikijifunza kushona kwa fundi mmoja hapa Sindo. Alinifundisha vizuri, hilo siwezi kumnyima. Mwezi wa pili akina mama wa kanisa hili walimletea kitenge cha yunifomu. Mnakikumbuka. Samawati, kimejaa samaki wetu wa ziwani, ngege, wanaogelea, migongo juu, matumbo chini. Kitenge chenye picha za namna hiyo kinahitaji kitambaa kingi, kwa sababu kila kipande lazima kikatwe kikiwa kimeelekea upande mmoja. Ukigeuza vingine vinaingiana vizuri, na kitambaa kinabaki.

Fundi wangu akaniambia, "Kipande cha nyuma kigeuze."

Nikasema kwa sauti ndogo, "Mama, samaki watalala chali."

"Nani hutazama mgongo wake mwenyewe? Kata. Ulikuja kujifunza ama kunifundisha?"

Nikakata magauni kumi na manane. Kitambaa kilichobaki alikikunja, akakiweka chini ya meza, nami sikukiuliza.

Ndugu zangu, siku ya kuvaa mlikuwepo. Akina mama waliingia kwa mstari wakiimba, na kila aliyekaa benchi za nyuma aliona. Mzee mmoja mvuvi akauliza, tena kwa sauti ya ziwani, "Hawa wa mbele ni wazima. Hawa wa nyuma walikufa lini?"

Mlicheka. Siwalaumu, hata mimi ningecheka. Lakini wawili kati ya akina mama wale walikuwa na waume zao majini upande wa Mfangano wiki hiyo, na kuvishwa samaki waliokufa mgongoni hakukuwa mchezo kwao. Mmoja alivua lile gauni nyuma ya kanisa akilia, akarudi nyumbani amejifunga leso.

Walipomwendea fundi, alinishika bega, akanisukuma mbele yao. "Ni huyu. Nilienda kliniki nikamwachia mkasi. Mtoto hana akili."

Hakuenda kliniki. Alikuwa amesimama kando yangu akinywa chai. Nilifungua mdomo niseme hivyo, na hakuna kilichotoka. Nikatazama viatu vyangu. Na ninyi mkaona mtu mwenye makosa.

Kuanzia siku hiyo sikuwa na jina lingine. Wanawake wanaoanika omena waliniita nikipita: "Fundi, hebu njoo. Hawa wetu nao wamelala chali, tuambie kama wamekufa." Nilianza kupita njia ya shambani. Halafu nikaacha kupita kabisa. Nilikaa nyumbani mpaka mama akanipandisha gari kwenda Migori, kwa waya, yaani dada ya baba yangu.

Waya ana kibanda sokoni Migori, anarekebisha nguo za mitumba. Alinipa wembe na rundo la suruali nifumue. Nawaambia ukweli, sikufumua suruali. Nilimfumua yule mtu, kuanzia kiunoni mpaka miguuni, kila siku, kwa miezi minane. Ndani ya Biblia yangu niliweka kipande kidogo cha kile kitenge, chenye samaki mmoja. Wengine huweka ua.

Mkono wangu ukawa mwepesi. Hasira ni mwalimu mzuri wa kushona, mchungaji atanisamehe. Mwezi wa kumi na moja waya alipata cherehani mpya, akanipa ile ya zamani. "Rudi kwenu," akasema. "Hapa nguo zimeisha kufumuliwa."

Nikarudi. Nikaanza na sketi za shule na mifuko ya suruali. Siku moja mama mwenyekiti wa akina mama akanikuta barazani nikishona. Akachukua sketi, akaivuta huku na huku.

"Nyathina, mwanangu," akaniambia, "samaki wako walikuwa wamekufa, lakini mshono wao ungevuta lori. Tunataka yunifomu za kufunga mwaka. Safari hii tumechagua maua."

"Maua nayo yana juu na chini, mama."

"Ndiyo maana nakuambia mapema."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi ya yunifomu hizi mnazoziona leo. Na kwa kuwa yunifomu ni ya wote, na yule fundi ni mmoja wa akina mama, ilibidi aje kwangu kupimwa. Alikuja wa mwisho. Aliinua mikono, akasema mbele ya wenzake, "Pima vizuri, mtoto. Tusije tukavaa matanga tena."

Wakacheka. Nikaandika kiuno chake. Lakini moyoni nilikuwa nimeshamaliza kulishona gauni lake.

Gauni lake nililishona mshono wa nyuma kwa nyuzi ndefu za kushikiza, zile ambazo fundi huziweka kwa muda tu na ambazo ukivuta uzi mmoja zote zinafunguka. Kwa macho huoni kitu. Lakini wote mnajua jinsi anavyoinama akicheza kupeleka sadaka. Nilihesabu kwamba angefika karibu na meza ya mbele. Nililala usingizi mtamu ambao sikuwa nimeupata tangu mwezi wa pili.

Asubuhi nikampigia waya kumpa habari hiyo njema. Nikamsikia akitafuna njugu.

"Likipasuka, watauliza nini?" akasema.

"Watacheka."

"Sijauliza watafanya nini. Watauliza nini?"

Nikafikiri. Watauliza, nani alishona.

"Haya basi," akasema waya. "Fumua. Suruali zote zile, na bado hujajua kufumua?"

Kwa hivyo ndugu zangu, msidhani niliacha kwa sababu ya roho nzuri. Niliacha kwa sababu jina lililokuwa kwenye mshono ule lilikuwa langu. Hilo ndilo funzo langu, ni dogo na mkiona linafaa mchukue: kabla hujampasulia mtu nguo, angalia kwanza nani aliishona.

Namshukuru mama kwa nauli ile. Namshukuru waya kwa wembe na njugu. Namshukuru mama mwenyekiti, aliyetazama mshono badala ya kusikiliza kicheko. Mwaka ujao siombi mengi. Naomba mkasi unaokata mpaka ncha. Naomba kiti kimoja cha mteja, maana sasa wanakalia ndoo. Na naomba siku moja niseme mbele yenu bila karatasi. Kusamehe pia ninaomba, ila hapo nimefika kiunoni tu, miguu bado.

Mkirudi nyumbani msitazame sana madirisha ya watu. Ni kweli kuna moja hapa Sindo lina pazia la ngege, lakini simtaji mtu.

Karibu tunatoa sadaka, na naona kuna mama mmoja ambaye, tangu nilipotaja nyuzi za kushikiza, amekaa wima na mkono ameuweka mgongoni. Mama, kaa vizuri. Cheza, inama upendavyo. Nililifumua lote na kulishona mara mbili, na gauni hilo litadumu kuliko hasira yangu. Lakini ukiingiza mkono mfukoni kutoa sadaka, geuza mfuko utazame ndani. Nimekushonea samaki mmoja, yule aliyekaa ndani ya Biblia yangu, amelala chali. Huyo ni wako.